Mwavuli wa Fiorenza

Baratti, kiangazi cha 1987

Jumamosi, 20 Juni

Tumefika. Gualtiero amegombana na mizigo tangu Poggibonsi, na nyumba ya kupanga inanuka unyevu kama kila mwaka. Nimefungua madirisha, nimemwacha akitafuta miwani aliyoivaa usoni, nikashuka ufukoni na viatu vyangu vya safari.

Oreste ameshachomeka miavuli yote. Wetu upo palepale, safu ya tatu, karibu na njia ya mbao. Wa Fiorenza upo ubavuni mwake, umefungwa. Nikamuuliza Oreste wamefika lini.

"Hawajafika."

"Umeangalia vizuri?"

"Bi Nives, ufuko huu nauendesha tangu alipofariki baba yangu. Nikikwambia hawajafika, hawajafika."

Haijawahi kutokea. Fiorenza hutoka Terni wiki ile ile shule zinapofungwa, ingawa mwanawe Ruggero ana miaka ishirini na sita na shule ameshaisahau, sawa na Samuele wangu. Ni mazoea ya tangu wavulana wakiwa wadogo. Kila mwaka namkuta ameshaketi, amejipaka mafuta, ananipigia kelele nikiwa bado mbali: "Umenenepa, shoga! Huko Poggibonsi mnakula nini?" Leo nimeitembea njia nzima ya mbao na hakuna aliyenitukana.

Jumapili, 21 Juni

Bado.

Gauni lake liko kwenye hanga nyuma ya mlango. Kila majira ya baridi namshonea gauni la ufukoni kwa kukisia, maana vipimo vyake sina. La mwaka juzi lilimbana makwapani, akazunguka ufuko mzima mikono juu akiwaambia watu, "Mshonaji wangu ni huyu, msimpelekee kazi." La safari hii ni la njano na nimeliachia nafasi.

Na nina mtu wa kumwonyesha. Agosti iliyopita yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia kwamba nitapata mjukuu, hata kabla ya Gualtiero. Mtoto amezaliwa Aprili. Samuele na mkewe Donatella wanamleta kwa Ferragosto, sikukuu ya katikati ya Agosti. Nataka Fiorenza ambebe kabla ya mawifi zangu wenye midomo.

Jumatano, 24 Juni

Upepo wa kusini-magharibi, bendera nyekundu, hakuna kuogelea. Nimesoma gazeti la Gualtiero mpaka matangazo ya matairi.

Ijumaa, 26 Juni

Gualtiero ameniuliza kwa nini simpigii simu tu. Nimepiga mahesabu ya miaka yote tangu tuoane nikaona mwanaume huyu hajawahi kunisikiliza.

Hatupigiani simu. Hatuandikiani. Mimi na Fiorenza tuliliamua hilo wavulana walipokuwa bado wanaogelea uchi: baridi ni ya waume, wakwe na mafua, kiangazi ni chetu. Tunaagana mwisho wa Agosti, tunakutana Juni, na maongezi yanaanzia pale pale tulipoyaachia. Mwaka mmoja alinifikia akasema, "Basi yule dada yake Sesto..." kabla hata ya kunisalimu, na nikajua ni dada yupi wa mumewe na kisa kipi. Namba yake sina. Jina la ukoo sina. Ukweli ni kwamba hapa ufukoni wote tuko hivyo. Bi Elide wa safu ya pili najua ana mawe kwenye kibofu cha nyongo na mume anayekoroma, lakini nikikutana naye mjini amevaa koti sitamtambua.

Jumatatu, 29 Juni

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Petro. Oreste amekuja amevua kofia, nikajua ana jambo.

"Bi Nives, desturi unaijua. Mwavuli usiodaiwa mpaka Mtakatifu Petro anapewa mwingine. Nina familia ya Grosseto inasubiri."

"Unadaiwa. Naudai mimi."

"Wewe una wako."

"Gualtiero ni mnene, anahitaji miwili."

"Msiniingize mimi," Gualtiero akasema chini ya gazeti lake.

"Oreste," nikamwambia, "Ruggero alijifunza kuogelea hapa mbele yako. Ulimvuta mwenyewe kwa kaptura siku ile alipokunywa nusu ya ghuba. Leo unampa mtu wa Grosseto kiti cha mama yake?"

Akageuza kofia mikononi, akaniambia ataushikilia mpaka Ferragosto, baada ya hapo nisimlaumu. Nimefungua mwavuli wa Fiorenza mwenyewe na kutandika taulo langu kwenye kiti chake. Anayekitaka na anifuate.

Jumamosi, 4 Julai

Elide anasema Fiorenza amekufa. Kwa Elide, mtu akichelewa kahawa ameshakufa. Nimemwambia achunge nyongo yake.

Usiku sikulala vizuri.

Alhamisi, 9 Julai

Joto. Mchanga unachoma, lile vumbi la chuma walilotuachia Waetruski, watu wa kale wa hapa, na matanuri yao linapata moto kuliko mchanga wa watu wengine. Mjerumani mmoja amekalia kiti cha Fiorenza. Nimemwinua kwa Kitaliano na ameelewa kila neno.

Jumanne, 14 Julai

Hakuna jipya. Tikiti maji la leo lilikuwa chapwa.

Jumapili, 19 Julai

Asubuhi tumekwenda kwenye makaburi ya Waetruski mimi na Gualtiero, kwenye nyasi nyuma ya ufuko, kabla jua halijakaza. Hatukuwa tumekwenda mwaka huu. Lile kaburi dogo lililojengwa kama nyumba, lenye kuta na paa la mawe, ndilo lililokuwa duka la Samuele na Ruggero. Ruggero aliuza, Samuele alinunua, na bidhaa zilikuwa mbegu za misonobari. Mlinzi alikuwa akiwafukuza, nao wanarudi kwa upande wa pili. Mimi na Fiorenza tulikuwa tunaketi kivulini tukijifanya si watoto wetu.

Gualtiero amesema, "Labda wameamua kwenda mahali pengine mwaka huu. Watu huchoka."

Nimemwambia asiseme upuuzi. Lakini njia nzima ya kurudi nimekuwa nikijiuliza kama kuna neno nililosema Agosti iliyopita. Nimekumbuka nilivyokuwa nikilisema hilo la mjukuu kutwa kucha, na yeye Ruggero hana hata mchumba. Labda nilimchosha.

Ijumaa, 24 Julai

Bendera nyekundu tena. Elide amerudi kwao mapema, nyongo.

Ijumaa, 31 Julai

Nimeanza kumkasirikia. Mtu hata kadi moja? Angeandika tu "Nives, safu ya tatu, kwa Oreste, Baratti" ingenifikia. Nimeliondoa gauni nyuma ya mlango na kulitia sandukuni.

Alhamisi, 6 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Alvaro anayeuza maandazi ya krimu amepita saa ya kila siku na sinia lake begani. Anazitembea fukwe zote, kuanzia San Vincenzo mpaka hapa kwetu, na anamjua kila mtu kwa tumbo lake. Nimenunua mawili. Ameangalia kiti kitupu, akaniuliza, "Hiki bado unamwekea Bi Fiorenza?"

"Mpaka aje."

Akanyamaza. Alvaro hanyamazi. Hata akilala nadhani anatangaza maandazi.

"Sema," nikamwambia.

"Aliniomba nisiseme."

"Nani aliyekuomba?"

"Yeye, Bi Nives. Wamepanga chumba San Vincenzo na mumewe, tangu Juni. Ananunua kwangu karibu kila siku. Nilidhani mmegombana nyinyi wawili, nikaona mambo ya wanawake niyaache." Akashusha sinia. "Na asubuhi anakuja huku kwenu kwa baiskeli, kupitia msituni. Namkuta pale makaburini, kwenye ile nyumba ya mawe. Nyinyi mkiwa bado mnakunywa kahawa yeye ameshaondoka."

Tangu Juni. Nimekuwa nikimtunzia kiti mbele za watu, nimechekwa, nimegombana na Oreste na Elide na Ujerumani nzima, na yeye anapita kila asubuhi mgongoni kwangu, karibu kiasi cha mtu kuitwa akasikia. Nimeyatupa maandazi kwenye pipa. Gualtiero ameniambia nimpe lake, nikamwambia nalo limeshatupwa.

Ijumaa, 7 Agosti

Siendi. Anayenitaka anajua nilipo.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimemwambia Oreste awape watu wa Grosseto mwavuli, leo hii, na awape na taulo langu. Akasema sawa. Kabla hajafika mwisho wa safu nimemkimbilia nikamwambia asubiri kidogo. Amenitazama sana. "Bi Nives," akasema, "nenda kaongee naye." Kumbe naye alikuwa anajua. Kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi na Gualtiero, na Gualtiero hahesabiki.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimekwenda.

Nilitoka kabla ya kahawa na hotuba yangu kichwani. Nilikuwa nimeipanga vizuri, inaanza na "Samahani kwa kukusumbua, bibie" na inaendelea hivyo hivyo kwa sumu mpaka mwisho. Baiskeli ilikuwa imeegemea msonobari. Yeye alikuwa ameketi kwenye jiwe mbele ya ile nyumba ndogo, amenipa mgongo, na kwanza sikuamini kuwa ni yeye kwa jinsi alivyokonda. Gauni langu la njano lingemzunguka mara mbili. Alikuwa amevaa shati la kiume la mistari, mikono imekunjwa.

Aligeuka akaniona. Hakushtuka. Alisema tu, "Umenifuma."

Na mimi, hotuba yote ikapotea, nikafanya kile tunachofanya siku zote, nikamtania.

"Terni nguo zimekwisha, mpaka unamvua Sesto shati lake?"

"Si la Sesto," akasema. "La Ruggero."

"Basi yeye mwenyewe atavaa nini, maskini?"

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa vile. Alinitazama kwa upendo, naliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Asante," akasema.

"Asante ya nini?"

"Hakuna tena mtu wa kuniuliza hivyo. Wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho." Akashika kola ya lile shati. "Februari, Nives. Alikuwa anakwenda kazini asubuhi, kwa pikipiki yake. Kulikuwa na ukungu. Lori halikumwona."

Nikakaa chini, kwenye nyasi zenye umande. Nilisema hapana. Nadhani nililisema mara nyingi, kwa sababu alifika mahali akanishika goti kunituliza, yeye mimi.

Kisha nikamwambia, "Ungeniita. Ningekuja kwa miguu."

"Najua. Nilishika simu, nikakumbuka namba yako sina. Sesto akasema tutafute, mji mdogo, mshonaji aitwaye Nives, hatapotea. Nikamwambia ndiyo, kesho. Kesho yake nikafikiria: wote hapa Terni wameshajua. Muuza mkate anajua, daktari wa meno anajua, wakiniona wanainamisha macho. Lakini kuna mtu mmoja huko ambaye kwake Ruggero anaamka asubuhi, anakwenda kazini, analalamika chakula. Nikasema nimwache. Nisimuue na huko."

Alikuwa anaongea polepole, anaitazama ile nyumba ya mawe.

"Halafu ikafika Juni. Sesto alisema tusije kabisa, mimi sikuweza. Hapa ndipo alipokuwa akiuza mbegu zake, mwizi yule. Nikaja hapa tu, alfajiri, ninyi mmelala. Na Alvaro akawa ananiambia bado unanishikia kiti, unagombana na watu. Nilikuwa nacheka, Nives. Nilikuwa narudi chumbani namwambia Sesto, 'Leo amemfukuza Mjerumani.' Msimu mzima, pale chini ya mwavuli wako, mwanangu alikuwa amechelewa tu."

Nilimnyoosha kola ya lile shati, kama ninavyowafanyia wateja. 

Waetruski waliwachongea wafu wao vitanda vya mawe na mito ya mawe, wakawawekea vikombe na hereni. Alisema hayo mwenyewe, kwamba zamani aliona ni ushamba, na Februari alipojikuta anabishana na mtu wa mazishi ili Ruggero azikwe na miwani yake ya kuzamia, aliwaelewa.

Kisha akauliza, "Amezaliwa?"

"Aprili. Mvulana."

"Ana afya?"

"Anayo."

"Mungu amtunze." Akasimama, akapangusa suruali. "Wanamleta Ferragosto, siyo? Ulisema tangu mwaka jana. Basi kuanzia kesho sitakuja huku. Usinielewe vibaya. Kama ni kumpenda Samuele, nampenda. Lakini nikimwona anatoka majini nitaangalia nyuma yake. Siku zote walitoka wawili."

Nilitoa penseli kwenye mkoba. Nikamwambia nipe namba, nipe jina la ukoo, nipe mtaa, chochote.

"Usiandike. Ukiandika utapiga, na nikisikia sauti yako nitasikia bahari." Akashika usukani wa baiskeli. "Naitamani bahari ile, unajua? Pale kwetu, safu ya tatu. Siyo ya San Vincenzo, ile haina kitu cha Ruggero. Pale pale. Lakini ndipo mlipo ninyi."

Hakulisema kwa ubaya. Alinibusu shavu moja na lingine, akapanda baiskeli na kuingia kati ya misonobari. Nilibaki pale mpaka mlinzi aliponiuliza kama naumwa.

Jumanne, 11 Agosti

Nimemwambia Gualtiero jana hiyo hiyo. Alikunja gazeti vizuri, akaliweka chini, akaenda kusimama majini na viatu. Leo hatujashuka ufukoni.

Ijumaa, 14 Agosti

Wamefika. Mtoto ana mikunjo mitatu kila paja. Nimesubiri ale, abadilishwe, alale, kisha nimemwambia Samuele jikoni.

Hakulia. Aliuliza ilikuwa Februari tarehe ngapi, na sikuwa najua. Alikwenda baharini, akaogelea moja kwa moja mpaka Oreste akaanza kusukuma mashua ya uokoaji. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha Fiorenza, maji yanamtiririka, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Jumamosi, 15 Agosti

Ferragosto. Sungura wa kuoka, tikiti, watu wanamwagiana ndoo za maji. Tumekula kama tunatumikia kifungo.

Mchana tumegombana. Samuele anataka kwenda San Vincenzo.

"Huendi," nimemwambia.

"Alikuwa rafiki yangu, mama."

"Alikuwa mwanawe."

"Nimsalimie tu. Dakika mbili."

"Ukisimama mlangoni kwake ataangalia nyuma yako. Ameniambia mwenyewe."

Alinijibu vibaya, neno ambalo hajawahi kunijibu. Donatella akamtoa mtoto nje. Baadaye amekuja kuniomba radhi, akaniegemea begani na kichwa chake kizito, akalia kama alivyokuwa akilia akiwa na miaka sita, kwa kwikwi. Nilimshika. Na nikiwa nimemshika, mzima, mwenye joto, nikafikiri: ninacho hiki, na ile bahari pia? Sikuipenda hesabu hiyo.

Oreste hakuja kudai mwavuli. Watu wa Grosseto wamewekwa safu ya tano.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimemweleza Gualtiero ninalotaka. Nilitegemea abishe, anaipenda Baratti kuliko kwao. Alinyoa ndevu zote kabla ya kujibu.

"Tutakwenda wapi mwakani?"

"Milimani."

"Unachukia milima."

"Nitaizoea."

"Na mtoto? Hatajifunza kuogelea hapa?"

"Atajifunza kwingine."

Akafuta uso kwa taulo, akasema, "Basi niache niagane na watu," na akashuka kucheza karata.

Jumatano, 19 Agosti

Nimemwona Oreste. Nimemwambia mwavuli wetu ampe amtakaye, mwaka huu na yote ijayo, wa Fiorenza asiuguse. Alianza kusema kitu kuhusu miaka yote hii. Nikamwomba asiendelee, nitaanguka hapo hapo kwenye mbao zake.

Nimempa Alvaro maneno machache ampelekee Fiorenza: tunaondoka Jumamosi asubuhi, na hatutarudi, na bado ana wiki nzima ya Agosti.

"Nimwambie umesema hivyo?"

"Mwambie tumeondoka. Sababu anaijua."

Ijumaa, 21 Agosti

Nimefunga mizigo. Gauni la njano nimelifumua mishono.

Poggibonsi, Jumamosi, 22 Agosti

Tumetoka mapema, Samuele, mkewe na mtoto mbele, sisi nyuma. Pale barabara inapopinda na ghuba nzima kuonekana, Gualtiero alipunguza mwendo. Nilimwambia asipunguze, kisha nikatazama mwenyewe.

Walikuwa wameshafika. Sesto alikuwa amesimama na Oreste, wanashikana mikono muda mrefu. Fiorenza alikuwa kwenye maji mpaka kiunoni, na lile shati, hakulivua. Hakuwa anaogelea. Alikuwa amesimama tu, viganja juu ya maji. Katika safu ya tatu mwavuli mmoja ulikuwa wazi na mmoja umefungwa.

"Nisimame?" Gualtiero akauliza. "Umpungie tu mkono."

"Endesha."

"Nives, hataona ni nani."

"Ataona. Endesha."

Aliendesha. Nilimwambia asiseme na mimi mpaka tufike Cecina, naye hakusema. Kufika Cecina ni mimi niliyeanza. Nilimwambia kwamba mji wa Fiorenza ni mkubwa, mtaa wake siujui, jina lake la ukoo silijui, na mahali pekee duniani nilipojua pa kumkuta nimempa yeye mwenyewe. Gualtiero aliegesha gari kando ya barabara, akazima injini, na safari hii hakuniambia nisilie.